Kukatiza, kutegua au kuzima: njia tatu za kuvunja uchawi katika Dungeons & Dragons

Mhusika wako katika mchezo huu wa mezani wa kuigiza amefika ngazi ya 5. Ni mchawi msomi, yule anayetembea na kitabu chake kwapani, na msimamizi wa mchezo amekuambia uandike manuizo mawili mapya. Milango ya daraja la tatu imefunguka. Moja ulishalichagua wiki mbili zilizopita: mpira wa moto, maana meza nzima inausubiri. Limebaki moja, na hapo ndipo kalamu inapogoma. Unataka kitu cha kuvunja uchawi wa maadui, lakini kitabu kinakupa Counterspell na Dispel Magic, na mwenzako pembeni anakushauri uvumilie hadi ngazi ya 15 uchukue Antimagic Field, uzime kila kitu kwa mpigo.

Yote matatu yamo katika fungu moja la uchawi wa kinga, na ukiyasoma haraka yanaonekana kama ndugu wa tumbo moja. Kazi zake ni tofauti kabisa. La kwanza humkatiza adui maneno yakiwa bado mdomoni. La pili hutegua kilichokwisha kutegwa. La tatu huzima uchawi wote wa mahali, ukiwemo wako. Kwa hiyo nitayaita Kukatiza, Kutegua na Kuzima. Humu "nuizo" ni uchawi mmoja mmoja unaoandikwa kwenye karatasi ya mhusika, kwa kuwa kunuiza ndiko afanyako mganga anapotamka maneno yake. "Ngazi" ni ya mhusika, "daraja" ni la nuizo. Kuchanganya hizo mbili humtoa jasho kila mgeni: mchawi wa ngazi ya 5 hufikia daraja la 3 tu.

Ninazungumzia toleo la tano la mchezo, lililotoka 2014, pamoja na marekebisho yake ya 2024, kwa sababu meza nyingi bado zimegawanyika kati ya hayo mawili. Kama hamna vitabu, kanuni za msingi hupatikana bure mtandaoni kwa leseni huria: zile za 2014 tangu Januari 2023, na za 2024 tangu Aprili 2025. Manuizo yote matatu yamo humo.

Vigezo

Nimepima kila nuizo kwa mambo matano. Wakati: unalitumia lini, na linakula nini katika raundi yako? Gharama: nafasi ya daraja gani inatoweka, yaani ile akiba ya kunuiza unayopewa kwa idadi maalumu kila siku? Uhakika: unafaulu bila dadu au unabahatisha? Mipaka: ni vitu gani havilitii? Na mezani: linawafanyia nini wenzako, wakiwa wachezaji na wakiwa watu walioacha shughuli zao kuja kufurahi? Hiki cha mwisho wengi hukiruka, nami nakipa uzito sawa na vingine.

Kukatiza (Counterspell)

*Wakati.* Hufanyika nje ya zamu yako. Unamwona mtu ndani ya futi 60, kama mita 18, akianza kunuiza. Unatumia jibu lako, lile moja unalopewa kila raundi, na nuizo lake linafia mkononi. Ukishalitumia jibu hilo, huna lingine hadi zamu yako irudi. Ile ngao ya uchawi uliyozoea kuiinua upanga unapokujia haipo tena.

*Gharama.* Nafasi moja ya daraja la 3 au zaidi. Mchawi msomi wa ngazi ya 5 ana nafasi mbili tu za daraja hilo, na anaweza kurudisha moja akipumzika kidogo katikati ya siku. Kila unapokatiza, ni mpira mmoja wa moto usioupiga.

*Uhakika.* Hapa ndipo matoleo yanapoachana njia. Katika kanuni za 2014, nuizo la daraja la 3 kushuka chini linakufa bila dadu. Likiwa la 4 au zaidi, unarusha dadu ya pande 20, unaongeza nguvu ya akili yako, na lazima ufikishe 10 jumlisha daraja la nuizo hilo. Chukua nuizo la daraja la 5: lengo ni 15. Ukiwa na nyongeza ya 4, dadu ikupe 11 au zaidi, yaani nusu kwa nusu. Ukitumia nafasi ya daraja la 5 mwenyewe, hurushi chochote, linakufa tu.

Kanuni za 2024 zilimgeuzia adui dadu. Yeye ndiye anayejinusuru kwa nguvu ya mwili wake, na daraja la nuizo halihesabiwi tena. Mchawi wa ngazi ya 5 mwenye nyongeza ya 4 humwekea lengo la 15. Mzee wa vitabu mwenye nyongeza ya 1 atashindwa mara 13 katika 20. Jitu lenye nyongeza ya 10 litashindwa mara 4 tu katika 20, na viumbe wakubwa wana haki ya kugeuza kushindwa kuwa kufaulu mara kadhaa kwa siku. Tena, ukimkatiza kwa kanuni hizo mpya, hapotezi nafasi yake. Anapoteza hatua tu, na nuizo anaweza kulijaribu tena raundi ijayo.

*Mipaka.* Lazima umwone, lazima mkono wako mmoja uwe huru, na lazima kinachokuja kiwe nuizo kweli. Pumzi ya joka haikatizwi. Mchawi wa damu (sorcerer) aliyejifunza kunuiza bila neno wala ishara anaweza kukupita mbele ya macho yako. Na tangu 2022, vitabu vya viumbe vimewapa wachawi wengi wa upande wa adui mashambulizi ya uchawi ambayo kikanuni hayahesabiwi kuwa manuizo. Kukatiza hakuyagusi, na ni jambo la kujua kabla ya kuandika jina hilo kwenye karatasi.

Kuna shida nyingine ambayo kanuni haziisemi kwa sauti. Msimamizi anasema: "Anainua fimbo yake, anaanza kunuiza." Basi. Hujui ni nini. Unakatiza au unaacha? Nakumbuka usiku mmoja tukiwa kwenye daraja la kamba juu ya korongo, watatu kati yetu tukiwa na majeraha mabaya. Msimamizi akatamka maneno hayo hayo, nami nikapiga meza: nakatiza! Nafasi yangu ya mwisho ikaenda. Ulikuwa mshale wa moto, uchawi wa daraja la sifuri ambao mchawi yeyote huurusha bure siku nzima, dadu mbili za pande 10. Raundi iliyofuata akanuiza tena, safari hii mpira wa moto, dadu nane za pande 6, na mimi mkono mtupu. Sikukosea kanuni. Nilikosa habari.

Kitabu cha nyongeza cha 2017 kilileta kanuni ya hiari: unaweza kutumia jibu lako kulitambua nuizo, kwa dadu dhidi ya 15 jumlisha daraja lake. Lakini ukitumia jibu kutambua, huna la kukatizia. Mwenzako ndiye hutambua akakupigia kelele. Meza nyingine huafikiana kwamba msimamizi ataje nuizo waziwazi kila mara, na nyingine kwamba ataje tu lile ambalo mchawi wenu analo kitabuni mwake. Thamani ya Kukatiza inapanda na kushuka kwa makubaliano hayo kuliko kwa kitu kingine chochote. Muulize msimamizi wako kabla hujachagua.

*Mezani.* Likifanikiwa, kila mtu husimama. Na linaweza kukatizwa nalo: adui anakatiza Kukatiza kwako, mwenzako anakatiza kwake, watu wanahesabu majibu kwa vidole. Upande wa pili ni mchungu. Msimamizi akiwapa maadui wake nuizo hili kila pambano, kuna mchezaji atakayesubiri dakika 20 zamu yake ifike, atamke uchawi wake, kisha aambiwe hakuna kilichotokea. Mabadiliko ya 2024 yanamwachia angalau nafasi yake.

*Linamfaa* mchawi msomi, mchawi wa damu na mchawi wa mkataba (warlock), ambao ndio hasa hulipata kwa kawaida, mchezaji akiwa macho hata zamu za wengine. Ukiwa mtu wa kuchungulia simu kati ya zamu, utalibeba miezi bila kulitumia.

Kutegua (Dispel Magic)

*Wakati.* Zamu yako, hatua yako nzima, umbali wa futi 120, mara mbili ya Kukatiza. Madhara tayari yapo: rafiki ameganda kama sanamu, mlango umefungwa kwa uchawi, adui anaelea juu ya vichwa vyenu. Huna haja ya kubahatisha sana, maana tatizo unaliona.

*Gharama.* Nafasi ya daraja la 3 au zaidi, na hatua ambayo ungeweza kushambulia nayo. Hesabu hiyo ya hatua ni nzito kuliko inavyoonekana. Adui alitumia hatua moja kuweka, wewe moja kuondoa, mko sare, na madhara ya raundi iliyopita umeshayala.

*Uhakika.* Kama Kukatiza kwa 2014: daraja la 3 kushuka chini linaondoka lenyewe, la juu yake unarusha dadu dhidi ya 10 jumlisha daraja. Marekebisho ya 2024 hayakugusa hesabu hii.

*Mipaka.* Kilichotokea papo hapo na kuisha hakiteguliki. Jeraha la moto ni jeraha tu sasa. Mifupa iliyoinuliwa kutoka makaburini inaendelea kutembea, kwa kuwa uchawi ulioiinua ulimalizika pale pale. Ukuta wa nguvu usioonekana unakataa Kutegua kwa jina, vilevile ngome ya nguvu inayomfungia mtu ndani. Upanga wa uchawi unabaki upanga wa uchawi. Na nuizo hili halichagui: ukimlenga rafiki yako umwondolee kugandishwa, kila nuizo la daraja la 3 kushuka lililo juu yake linaondoka pia, pamoja na baraka aliyowekewa na kasisi dakika moja iliyopita.

Uzuri wake hujificha katika kuchagua shabaha. Mchawi wa adui anaelea futi 60 juu, anawamwagia mvua ya mishale ya uchawi, na wapiganaji wenu wanamtazama tu. Kuruka ni nuizo la daraja la 3. Tegua. Anaanguka, dadu moja ya pande 6 kwa kila futi 10, zote sita, na anatua kifudifudi miguuni pa mtu mwenye shoka. Au chukua nuizo la kumwongezea mtu kasi, hili pia daraja la 3: likikoma, aliyekuwa nalo analegea, hatembei wala hafanyi lolote mpaka zamu yake inayofuata ipite. Hatua yako moja imenunua zamu nzima ya bingwa wao. Hapo hamko sare tena.

*Mezani.* Halimwaibishi mtu. Adui alipata wakati wake wa kutisha, nanyi mkapata wa kujikomboa. Nje ya vita ndiko linakong'aa: milango, mitego ya maandishi ya kichawi, mfalme ambaye mnashuku ametiwa kitu kichwani. Kama msimamizi wenu anapenda magofu na makaburi ya kale, litatumika karibu kila mkutano.

*Linamfaa* mtu yeyote mwenye subira, na wanaolipata ni wengi: kasisi, druidi, malenga (bard), askari wa kiapo (paladin), na wale wachawi watatu wa Kukatiza. Neno hilo "kasisi" liangalie vizuri. Kasisi na druidi huandaa manuizo yao kutoka orodha nzima ya tabaka lao na hubadilisha kila alfajiri. Kasisi wenu halipi chochote kuwa nalo kesho. Wewe unalipa ukurasa wa kitabu.

Kuzima (Antimagic Field)

*Wakati.* Hatua moja, kisha duara la futi 10 kila upande linakuzunguka na kutembea nawe hadi saa moja, mradi umakini wako usikatike. Kipigo kikali kinaweza kuuvunja.

*Gharama.* Nafasi ya daraja la 8, ambayo mchawi msomi na kasisi huipata kwenye ngazi ya 15, na ni moja tu kwa siku. Unahitaji pia chembe za chuma, ule unga unaobaki fundi akipiga tupa. Napenda sana maelezo hayo madogo: uchawi mkubwa unaozima uchawi wote unaanza na vumbi la karakana.

*Uhakika.* Hakuna dadu. Ndani ya duara uchawi haufanyi kazi, uwe wa daraja la 1 au la 9. Hata Kutegua hakuwezi kuliondoa duara lenyewe.

*Mipaka.* Linazima, haliui. Nuizo lililokuwa juu ya mtu linarudi akitoka nje, ingawa saa yake imeendelea kuhesabu. Viumbe walioitwa kwa uchawi hutoweka kwa muda. Vifaa vya kale vyenye nguvu za ajabu na kazi za miungu haviguswi. Na kila kilicho chenu kinazimika pia: tiba ya kasisi, upanga wa urithi, pete ya ulinzi. Chini ya kanuni za 2014 kuna viumbe wengi wasiodhurika sana na silaha za kawaida, na ndani ya duara silaha zenu zote ni za kawaida. Nimeona kikundi kikijizimia ushindi wake namna hiyo.

*Mezani.* Lina sura mbili. Mpiganaji ambaye kwa ngazi kumi amekuwa akiwatazama wachawi wakibadilisha dunia anapata jioni yake: anamkumbatia mchawi mkuu wa adui ndani ya duara, na yule hawezi kupotea wala kuruka. Mchezaji mwingine mwenye mchawi huketi akisubiri. Mwambie mapema unachopanga.

*Linamfaa* kasisi aliyevaa chuma kuliko mchawi msomi mwenye kanzu, ambaye katikati ya duara lake amebaki mtu mwenye fimbo. Mkitaka kuonja ladha yake kabla ya ngazi hiyo, kutana na beholder, zimwi la macho mengi: jicho lake la katikati hutoa koni ya futi 150 yenye nguvu hiyo hiyo, bure, na miali ya macho yake mengine haifanyi kazi ndani yake.

Kati ya Kutegua na Kuzima lipo kago la daraja la 6, Globe of Invulnerability. Manuizo ya daraja la 5 kushuka yanayotoka nje hayawagusi mliomo ndani, nanyi mnaendelea kunuiza kwenda nje. Ni dakika moja tu. Kwa mchawi wa ngazi ya 11, mimi ningelitazama kabla ya kuota Kuzima.

Mkicheza Pathfinder

Toleo la pili la Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, la 2019, linajibu swali hili kwa namna yake, na kanuni zake nazo zinasomwa bure mtandaoni. Kutegua huko ni daraja la 2. Matokeo hutegemea jinsi ulivyofaulu: ukifaulu kwa kishindo unaondoa hata kitu kilichokuzidi madaraja matatu, ukifaulu kawaida, daraja moja, ukishindwa bila kuvurunda, bado unaondoa kilicho chini yako. Nuizo la daraja la 7 huligusi kwa la 3 hata dadu ikikupenda. Kukatiza ni kipaji unachochagua, na mchawi msomi lazima awe ameandaa nuizo lile lile analotaka kulikata. Hiyo ni damu ya toleo la tatu la Dungeons & Dragons la mwaka 2000, ambapo uliiweka hatua yako akiba ukimvizia adui. Anayependa kubashiri na kujiandaa atapendezwa. Anayetaka kupiga meza na kusema "nakatiza" ataudhika.

Kwa hali yako

Mna kasisi au druidi, na wewe ndiye mchawi pekee mwenye uwezo wa Kukatiza: andika Kukatiza, mwachie yeye Kutegua.

Wewe ndiye mwenye uchawi pekee kikundini: anza na Kutegua. Rafiki aliyegandishwa hana mwingine wa kumtoa.

Ni mara yako ya kwanza kucheza: Kutegua, kwa kuwa hufanyika zamu yako ukiwa umetulia, na unaona unachokilenga.

Msimamizi wenu hataji nuizo linalokuja na hataki kubadili: Kukatiza kunapungua thamani, labda adui wenu mkuu awe mchawi anayejulikana kwa manuizo yake.

Mnacheza kanuni za 2024 na mnaelekea kwa kiumbe kikubwa chenye haki ya kugeuza kushindwa: Kukatiza bado kuna faida ambayo wengi hawaioni. Kila akitumia haki hiyo kulinusuru nuizo lake, imepungua moja dhidi ya nuizo kubwa la mwenzako, na wewe umelipa jibu tu wala si hatua.

Wewe ndiye msimamizi: wape maadui Kutegua kwa uhuru, Kukatiza kwa mkono mdogo, na Kuzima mara moja katika kampeni nzima, mahali ambapo wachezaji wangeweza kupata fununu kabla ya kuingia.

Mmefika ngazi ya 15 na kikundi kimejaa wapiganaji: Kuzima. Kikundi kimejaa wachawi: kaa nalo mbali.

Na ikiwa bado unasita kati ya mawili ya daraja la 3, kumbuka faida moja ya mchawi msomi ambayo wenzake hawana. Nuizo la daraja hilo analoliona limeandikwa mahali, anaweza kulinakili kitabuni mwake kwa vipande 150 vya dhahabu na saa sita za kazi. Kwa hiyo siku mkimwangusha mchawi wa adui, kabla ya kugawana vito, uliza kitabu chake kiko wapi.